Mzio Wetu, Muziro Wao

Alhamisi, tarehe 12 Juni. Asubuhi upepo ulitoka ziwani na baridi yake, ilipofika saa nne ukawa umeshageuka vumbi. Jua kali, mbingu tupu.

Leo nimepata lebo zangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo nililotaka kuliandika tangu nilipoamka, ingawa hadi jioni yametokea makubwa kulipita, na pengine mtu aliyesoma vizuri angeanzia huko. Mimi niliishia darasa la saba. Naanzia pale moyo wangu ulipoanza kuruka.

Natengeneza unga wa lishe hapa nyumbani Kiseke, mwaka wa sita sasa. Siku zote nilikuwa naufunga kwenye mifuko mitupu na kikaratasi nilichoandika kwa kalamu. Leo nimekwenda Nyamagana kwa fundi wa kuchapa, nikatoka na lebo za kweli, za kubandika, zinazonukia wino. Ziko aina mbili. Za kijani ni za unga wangu wa siku zote: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya na karanga. Za njano ni za unga mpya, ule ule ila karanga nimeziondoa. Mara ya kwanza fundi alikuwa ameandika “kalanga”, nikamrudishia nimenuna. Akanikumbusha kwa upole kwamba maneno nilimsomea mimi, na mdomo wangu ni wa Magu, r huwa l. Lawama tukagawana.

Leo zimetoka safi. Kwenye ya njano, chini ya picha ya kikombe cha uji, pameandikwa: HAUNA KARANGA. SALAMA KWA WENYE MZIO WA KARANGA. Niliusoma mstari huo ndani ya bajaji, nikausoma tena Buzuruga tuliposimama kushusha mtu, mpaka dereva akaniuliza, “Mama, umeshinda bahati nasibu?” Nikamwambia ndiyo, nimeshinda.

Huo unga wa njano una mwenyewe. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ana miaka mitano. Tunakaa kiwanja kimoja, mimi nyumba ya mbele, yeye na wazazi wake nyumba ya nyuma. Alipokuwa na miaka miwili nilimlisha nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, niliyoyaunga kwa karanga nzito kama mama yangu alivyonifundisha. Nilimlisha mimi, kwa mkono huu. Hata sahani haijapoa, midomo yake ikavimba kama imeumwa na nyuki, shingo ikajaa vipele, akaanza kukohoa kikohozi ambacho sijakisikia tena na sitaki kukisikia. Bodaboda ilituchukua watatu. Zahanati walimchoma sindano ya paja, na baada ya muda akaanza kupumua vizuri, na mimi pia. Baadaye hospitalini daktari akasema: mtoto ana mzio wa karanga. Asile hata kidogo. Akivimba tena, msingoje, mleteni mbio.

Neno mzio nilikuwa nimelisikia redioni tu. Kwa lugha ya nyumbani nilijieleza hivi: mwili wa mtoto unaiona karanga kama mwizi, unapiga yowe, na yowe lenyewe ndilo linaloweza kumuua. Sijui kama nimeeleza sawa. Baba yake naye maziwa yanamvuruga tumbo, akinywa glasi moja sebule nzima inajua, lakini daktari alituambia hilo ni jambo jingine, tumbo lake tu halielewani na maziwa, haliwezi kumziba pumzi. Kwa hiyo yeye tunamcheka, mtoto hatumcheki.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa pakiti. Daktari aliniandikia kwenye kikaratasi neno la Kiingereza la karanga, na mimi madukani nalitafuta kwa umbo lake, kama mtu anayetafuta uso wa ndugu stendi. Maandishi yenyewe huwa chini kabisa, madogo kama mayai ya chawa. Mara moja nililikuta kwenye biskuti ambazo mtoto alishazishika mkononi. Nilipiga kelele dukani, na muuzaji alikuwa na haki ya kunishangaa, maana pakiti ilikuwa na picha ya ng’ombe.

Watu wa hapa mtaani nao ni kazi. Si wabaya, siwezi kusema hivyo. Lakini mzio kwao ni ugonjwa wa kizungu. “Mpe kidogo kidogo azoee,” ndivyo wanavyosema, mmoja hadi leo. Jirani mmoja mwenye roho nzuri kabisa alishamkatia mtoto kashata ya karanga kwa siri, ili atuoneshe kuwa tunamdekeza. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekataa.

Basi sasa likizo imefika, na mama wa mkwe wangu amevuka ziwa kuja kumchukua mjukuu akakae naye Bukoba wiki tatu. Mimi namwita mkwe, naye ananiita hivyo hivyo. Ameniacha kwa umri. Meli imemshusha leo alfajiri, mwanawe amempokea bandarini, na mimi niliporudi na lebo zangu nilimkuta sebuleni kwangu, miguu ameinyoosha, pembeni yake mikungu miwili ya ndizi.

Niseme ukweli wa hofu yangu. Wiki nzima nilikuwa naota nyumba ya mkwe. Nimeshawahi kufika. Ni nyumba ya watu, ina wajukuu kumi na jiko halipoi, na karanga zinatiwa kwenye mboga kama chumvi. Kumkatalia bibi mjukuu wake siwezi, wala si haki. Kumpeleka bila kinga nisingeweza pia. Ndiyo maana nilisaga ule unga, nikafunga pakiti kumi za kusafiri naye, nikangoja lebo tu. Nilifikiri pakiti kumi zenye maandishi zitamlinda mtoto hata nisipokuwepo.

“Shikamoo, mkwe.”

“Marahaba. Umetoka mjini umechangamka hivyo, umepata mchumba?”

“Nimepata lebo.”

“Kwa umri wetu lebo ni bora.”

Tulicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na kona. Kati yangu na yeye kulikuwa na ubaridi tangu mwaka jana, na mimi sikuwahi kujua umetoka wapi. Alikuwa akipiga simu anamsalimia mwanawe, anamsalimia mtoto, mimi naambiwa tu “msalimieni”. Nilidhani nilimkosea kwenye msiba wa mumewe, labda nilikaa pasiponihusu. Nimekesha na hilo.

Binti yangu alileta chai. Nikaona nisingoje, nikampa mkwe lebo ya njano. Akavaa miwani. Anasoma Kiswahili polepole, neno kwa neno, kama anayechambua mchele.

“Salama. Kwa. Wenye. Mzio.” Akaishusha. “Ndiyo. Tulizungumze sasa hili.”

“Tuzungumze, mkwe.”

“Mwaka jana ndipo mwanangu ananipigia simu, ananiambia mama, mtoto ana muziro wa karanga.”

“Mzio,” binti yangu akasema.

“Nilisikia. Muziro. Mimi nikakata simu nikakaa chini. Muziro mtu anaupata kwa baba yake. Ukoo wetu una muziro wake, unajulikana, na si karanga. Karanga tunakula. Babu yake alikula karanga mpaka jino la mwisho. Sasa mtoto wa mwanangu anapata muziro ambao baba yake hana? Nikajiuliza, ameupata wapi? Au wa huko kwenu? Au ni mtoto wa nani huyu?”

Binti yangu aliiweka birika mezani kama anaweka yai.

Naandika polepole hapa nisije nikamwonea mtu. Wahaya wana muziro, yaani kila ukoo una kitu chake usichokila, mnyama au samaki au mmea, na hicho ndicho kama jina la pili la ukoo. Wa ukoo wao naujua, siuandiki kwa sababu si wangu. Na sasa ndiyo nikaelewa. Mwaka mzima mama wa watu alikuwa amebeba kifuani kwamba sisi tumemwambia, kwa simu, bila aibu, kwamba mjukuu wake si wa kwao. Na hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Kilichosemwa ni neno moja la hospitali ambalo kwa sikio lake lilikuwa na herufi mbili zaidi.

Binti yangu alianza kucheka kwa mshangao, akaziba mdomo na khanga. Mimi sikucheka. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, maana kumbe sikumkosea msibani.

“Mkwe,” nikasema, “si muziro wa ukoo. Ni mzio. Ni ugonjwa, mwili tu, hauna baba wala mama.”

“Akila anafanyaje?”

“Anavimba midomo. Anatokwa vipele. Pumzi inambana.”

Akanitazama juu ya miwani. “Na aliyekula muziro wake unajua anafanyaje? Anatokwa vipele. Ngozi inambabuka. Sasa wewe unanibishia nini?”

Nilitafuta tofauti niliyoelezwa na daktari, nikaiona iko mbali, na mkwe alikuwa amekaa karibu. Baba wa mtoto alikuwa ameingia na kusimama mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini, “Mama, ni wangu. Tazama masikio yake.” Mtoto mwenyewe alikuwa uani anamfukuza kuku. Mkwe akageuka, akayatazama yale masikio, yaliyosimama kama ya marehemu babu yake, akatikisa kichwa.

“Masikio niliyaona tangu alipozaliwa,” akasema. “Ni moyo tu. Basi yamekwisha. Kama ana muziro wake peke yake, Mungu ndiye aliyempa. Sasa nioneshe huo unga.”

Nilikuwa nimengoja neno hilo. Nikazileta pakiti zote kumi nikazipanga mezani, nikabandika lebo ya kwanza mbele yake, nikailainisha kwa kidole gumba. Ilikaa vizuri mno. Nilikuwa najisikia kama mwalimu mkuu siku ya kugawa zawadi.

“Huu hauna karanga hata punje,” nikasema. “Niliupima mimi.”

“Umesagia wapi?”

“Mashine ya hapo barabarani.”

“Na ule wenye karanga?”

“Hapo hapo.”

“Siku moja?”

“Siku moja.”

“Upi ulitangulia?”

Hapo ndipo uliponitoka ule ualimu mkuu. Maana jibu nililijua, na nililijua kabla hajauliza. Mwenye mashine, nimtendee haki, aliniambia Jumamosi, siku ya kusaga, “Mama, tuanze na huo usio na mafuta.” Alikuwa anafikiria kinu chake kisizibe, lakini alisema. Mimi ndiye niliyemwambia asage wa karanga kwanza, kwa sababu mteja wa unga huo alikuwa anasubiri. Halafu ukafuata wa mtoto, kwenye jiwe lile lile lililotoka kusaga karanga za kukaanga, ukaanguka kwenye ndoo ile ile niliyoifuta kwa kitambaa, nikaupitisha kwenye chekeche lile lile.

“Wa karanga,” nikasema.

Mkwe alizisukuma pakiti mbali na yeye kwa nje ya mkono, taratibu, kama mtu anayesukuma sahani iliyopitiwa na paka.

“Mimi si wa ukoo ule,” akasema, “nimeolewa nao. Miaka arobaini nimewapikia watu wenye muziro. Mwenye muziro hali kwenye chungu kilichoupika, hata ukioshwa mara saba. Hakatiwi nyama kwa kisu kilichoukata. Kwenye harusi tunaenda na sufuria zetu. Marehemu alipitisha siku nzima na njaa kwenye kilio kwa sababu hakujua mwiko umetoka chungu gani. Wewe umechukua jiwe lililosaga muziro wa mtoto, ukasagia uji wake, ukaandika salama.”

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kujitetea.

“Mama,” binti yangu akasema, “Jumatatu alikunywa ule uji. Alijikuna mdomo mpaka mchana. Tukasema ni vumbi.”

Sijui kama ni unga au ni vumbi. Nataka liandikwe hivyo, sijui. Vumbi lipo kweli, na mimi mwenyewe nilijikuna. Lakini nilizitazama zile pakiti kumi nikaona wiki tatu, kila asubuhi kikombe kimoja, ng’ambo ya ziwa, na bibi yake akimnywesha kwa upendo kwa sababu mimi nimeandika salama. Nikakaa juu ya mkungu wa ndizi.

Nilichoshindwa kujifunza mwaka wa tatu huu kwa kusoma pakiti za wenzangu, na kuwalaumu wenye viwanda kwa herufi zao ndogo, mkwe alikijua kutoka jikoni kwake bila kusoma pakiti hata moja. Baadhi ya pakiti za dukani, zile zinazoheshimu watu, huandika kwamba kiwanda hiki hiki kinasaga karanga pia. Nilikuwa nikiusoma mstari huo nikiona wanajihami tu. Kumbe walikuwa wananiambia habari za chungu.

“Basi haendi,” nikasema. “Mkwe, nisamehe. Nitasaga upya mwezi ujao.”

“Nani haendi?” Mkwe alikuwa ameshasimama, anafunga khanga kiunoni. “Meli ni kesho, leo ni leo. Kinu kinauzwa wapi hapa?”

Na kuanzia hapo siku ilishika moto, na mimi nikasahau kuona aibu. Tulikwenda Buzuruga, yeye na mimi, na tuliingia kwenye vibanda vya vyombo kama watu wanaoozesha binti. Kinu kipya. Michi miwili mipya. Ungo mpya, chekeche jipya, sufuria ndogo mpya. Mkwe alikuwa ananusa kila kitu. Alimuuliza muuza vinu kama kinu kimeshatwanga kitu.

“Bibi, ni kipya, hakijaona hata kisamvu.”

“Hujakijaribishia karanga?”

“Nijaribishie karanga za nini, mimi nauza, sitwangi.”

“Lete nikinuse.”

Akakiinamia kichwa chote ndani. Muuzaji akaniuliza kwa macho kama bibi yuko sawa. Nikamwambia huyu ni mkaguzi wetu wa viwango, akacheka, akaturushia mwiko mmoja wa bure. Mkwe akaudaka, akaunusa nao.

“Nyumbani kwenu ule mwiko wa kusongea unasongea nini?” akaniuliza.

“Kila kitu. Na mboga za karanga.”

“Basi mwiko wenu ndio unaovunja mwiko.”

Nilicheka mpaka nikashika kibanda. Sijui kama ni kichekesho cha kuandika, lakini pale jua kali, na kinu kichwani, kilikuwa.

Mchana tulitwanga. Ulezi tuliuacha, kwa kinu ungetumaliza. Tulichukua mahindi na mchele, mchele tukauloweka tukauanika kidogo, tukatwanga kwa zamu, mkwe na mimi, michi miwili kinu kimoja, nayo mkwe aliiosha kwanza kwa maji ya moto hadi nikaogopa itapasuka. Alikuwa na nguvu kunizidi na umri wake ule. Binti yangu anapeta, anatutania: “Kiwanda kimerudi enzi za mababu. Mama, lebo utabandika kwenye kinu?” Mtoto anahesabu mapigo anakosea anaanza upya. Kila nilipochoka mkwe aliniambia, “Twanga, wewe ndiye uliyeandika salama,” na mimi nikatwanga.

Ila palikuwa na jambo moja lililobaki, na nililiweka hadi tumekaa kupumzika, kwa sababu niliogopa kuharibu.

“Mkwe, kwa vyombo nimeridhika, umenizidi mimi. Sasa niambie, ikitokea akala kwa bahati mbaya, mtafanyaje?”

“Kwetu ipo dawa. Kuna majani yake. Mtu anaogeshwa.”

“Hapana.”

Nadhani sijawahi kumwambia hapana mtu aliyeniacha umri namna hiyo. Akanitazama.

“Hapana, mkwe. Hapo mzio na muziro vinaachana. Muziro unangoja, mtu anatokwa vipele, anaogeshwa. Huu haungoji. Nimeuona. Ungekuwa umesimama pale nilipokuwa nimesimama ungeelewa. Anaweza kuondoka wakati mnachuma majani.”

Mkwe alichukua punje ya mchele iliyoruka nje ya kinu akairudisha.

“Hospitali ipo karibu,” akasema. “Bodaboda moja tu.”

“Hospitali kwanza.”

“Hospitali kwanza, majani baadaye.”

“Majani baadaye sana.”

“Baadaye sana,” akasema. “Akisharudi, akilala. Utanizuia hata kumwombea?”

“Kuombea uombee njiani, kwenye bodaboda.”

Akacheka, safari hii bila kona. Akamwita mwanawe, akamwagiza barua tuliyopewa na daktari kuhusu mzio aikunje aiweke kwenye mfuko wa nailoni, na akadai aibebe mwenyewe, isikae kwenye begi la mtoto. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria jioni yote.

“Nikifika nitaita nyumba nzima. Sitasema mzio. Nikisema mzio watasema mambo ya mjini, watampa kidogo waone. Nitasema mtoto huyu ana muziro wa karanga. Basi. Hakuna mtu kwetu anayemwonjesha mtu muziro wake. Hata mlevi hafanyi hivyo.”

Miaka mitatu nimeeleza mtaa huu habari ya mwili na mwizi na yowe, na bado wanamkatia kashata. Yeye ana neno moja, na neno hilo, nikisema kwa haki, kitabibu halipo sawa. Mtoto hakuvunja mwiko wa mtu, ukoo hauhusiki, na sitaki akue akidhani ana kosa. Hilo nilimwambia mkwe na akakubali kwamba mtoto aambiwe yote mawili, jina la hospitali na jina la kwao. Lakini nikiulizwa ni lebo ipi itakayomlinda vizuri zaidi kule, ya njano niliyochapa au ile atakayoisema yeye kwa mdomo, sina ubishi.

Lebo za njano zimo kabatini, bunda zima. Bahati nilikuwa sijamuuzia mtu pakiti hata moja. Hazitabandikwa mpaka nipate mashine isiyoijua karanga, au mwenye mashine akubali siku yangu moja baada ya kufungua na kusafisha. Kesho nitamuuliza, na nitaanza kwa kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Za kijani nazo nimeziona kasoro: karanga nimeiweka mwisho kabisa, kwa herufi zile zile za mayai ya chawa ninazowasema wenzangu. Nimekaa na kalamu nikiandika juu ya lebo moja ya majaribio: UNA KARANGA NA SOYA. MWENYE MZIO ASIUTUMIE. Mkwe akasoma, neno kwa neno, akaomba kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake mkubwa: HATA CHUNGU CHAKE. Sijui fundi wa Nyamagana atasema nini. Mimi nimeuacha.

Mtoto anakwenda. Begi lake liko mlangoni, kinu kimefungwa kamba kitakuwa mzigo wa peke yake melini, na unga tuliotwanga umejaa makopo mawili mapya.

Jioni mkwe alipika yeye, kwenye sufuria mpya na kwa mwiko mpya, akakataa nisaidie hata kukoroga. Tumekula ndizi za Bukoba zilizopikwa na maharage, nyanya na mafuta kidogo, na sato wa kukaanga pembeni. Baba wa mtoto alipewa chai ya rangi. Mtoto alirudia mara mbili, akalamba sahani, na hakuna aliyeitazama midomo yake isipokuwa mimi na mkwe.